Jani la Mpera Mbele ya Sahani ya Maabara

Ndugu msomaji, kama nyumba unayoishi ina ua, huenda hatua chache kutoka mlangoni pako umesimama mpera. Na kama haupo uani kwako, basi upo kwa jirani, nawe wajua fika ni mlango upi wa kubisha pindi mtoto anapoanza kuhara usiku. Majani machanga machache, sufuria, maji na moto. Kisha kikombe cha maji ya rangi ya kahawia, yenye ukakasi unaoufunga ulimi. Bibi zetu walikunywa, mama zetu wakatunywesha, nasi tukakua. Ni nani basi atakayethubutu kusema kuwa dawa hiyo si dawa?

Hatukuandika makala haya ili kuthubutu hivyo. Tumeyaandika kwa sababu swali lenyewe huulizwa saa nane za usiku, na mtu aliyechoka, aliyetoka zamu ya jioni, ambaye mfukoni ana fedha za nauli ya asubuhi tu. Mbele yake ziko njia tatu. Aweza kuchemsha majani na kungoja kukuche. Aweza kugonga duka la dawa na kuuziwa vidonge viwili vitatu vya antibiotiki bila cheti. Au aweza kumbeba mtoto kwenda hospitali usiku huo huo. Akikosea njia, gharama yake haihesabiwi kwa shilingi. Hivyo inatupasa kujua wataalamu wanapimaje dawa za mimea, majibu yao yana maana gani, na hasa hayana maana gani.

MGENI ALIYELOWEA

Kwanza tuondoe dhana moja. Tumezoea kusema "dawa za mababu" kana kwamba kila mti wa dawa ulichipuka pamoja na ukoo wetu. Mpera asili yake ni nchi za joto za Amerika. Mwarobaini, ambao jina lake la Kiswahili lajigamba kwamba watibu maradhi arobaini, ulitujia kutoka Bara Hindi. Yaani mababu zetu hawakuwa watu wa kushika kila walichorithi tu. Walikuwa watu wa kujaribu. Waliupokea mti mgeni, wakaonja jani lake, wakatazama linavyofanya mwilini, wakahifadhi lililowafaa. Kupima dawa si jambo lililoletwa na maabara. Maabara imeongeza sahani, mizani na rula.

Katika nchi yetu kazi hiyo ilipewa makao rasmi mwaka 1974, pale kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilipoanzishwa Muhimbili, chini ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 kitengo hicho kikapandishwa hadhi na kuwa Taasisi ya Tiba Asilia. Wataalamu wake walisafiri mikoani, wakaketi na waganga wa jadi, wakaandika majina ya miti, sehemu zinazotumika na namna ya kuzitayarisha. Mwaka 1976 Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1982 na 1983 jarida moja la kimataifa lilichapisha, kwa sehemu tatu, orodha ndefu ya mimea ya dawa ya Tanzania, iliyoandaliwa na wataalamu wa hapa wakishirikiana na wenzao wa Sweden. Miongoni mwao alikuwamo Profesa Keto Mshigeni, bingwa wa mimea ya baharini, ambaye tutakutana naye tena baada ya muda mfupi.

SAFARI YA JANI

Hebu sasa tulichukue jani letu la mpera tulipeleke maabara.

Jambo la kwanza atakaloulizwa mletaji si kama dawa yake huponya, bali kama anaujua mti wake. Jina la kienyeji halitoshi, kwani mti mmoja huwa na majina matano katika wilaya tano, na jina moja huitwa miti mitatu isiyo na undugu. Kwa hiyo tawi lenye majani, na maua au matunda yakiwapo, hubanwa, hukaushwa, hupewa namba na kuwekwa katika hifadhi ya mimea mikavu. Hilo ndilo kielelezo. Miaka thelathini baadaye, mtu akibisha matokeo, kielelezo kitatolewa kabatini kitoe ushahidi.

Majani yaliyosalia huanikwa kivulini, kwani jua kali laweza kuharibu baadhi ya viini vya dawa. Yakishakauka hutwangwa na kuwa unga, unga ukapimwa kwa mizani, ukalowekwa. Hapa ndipo njia ya bibi na njia ya mtaalamu zinapoachana. Bibi huchemsha kwa maji. Mtaalamu mara nyingi huloweka katika alkoholi, kwa sababu alkoholi hutoa viini vingi ambavyo maji hayavitoi. Kisha huchuja, huvukiza ile alkoholi kwa moto wa upole, na kubakiwa na kitu kizito, cheusi au cha kijani kibichi, kinachonata kama lami. Tukiite mkamuo.

Tofauti hiyo ya maji na alkoholi si ndogo hata kidogo. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea mmoja uliotajwa na vitabu vya kale vya nchi yake, alipata majibu ya kigeugeu, hadi mwaka 1971 alipoacha kutumia joto kali na kukamua kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Dawa ikajitokeza. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi ukisikia mtu anasema kwamba jani fulani limepimwa na limefaulu, muulize kwanza: lilikamuliwa kwa nini? Kama lilikamuliwa kwa alkoholi, nawe nyumbani wachemsha kwa maji, kilichofaulu huenda si kile kilichomo kikombeni mwako.

SAHANI YA AGA

Bakteria ni viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Ili waonekane, ni lazima waachwe wazaane mpaka wawe kundi la mamilioni, nao huhitaji chakula na mahali pa kukaa. Hapo zamani mabingwa wa Ulaya waliwaotesha juu ya jelatini, lakini jelatini iliyeyuka kwa joto na wengine kati ya bakteria waliila. Aliyeleta ufumbuzi hakuwa profesa. Alikuwa mama wa nyumbani, Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe katika kazi zake za maabara. Mwaka 1881 alipendekeza itumike aga, kitu kama ute mgumu kinachotolewa katika mwani, ambacho yeye alikuwa akikitumia jikoni kugandishia vyakula vyake vitamu. Aga haiyeyuki kwa joto la mwili, wala bakteria wengi hawaili. Tangu siku hiyo hadi leo, maabara za dunia nzima zinategemea siri ya jikoni.

Na sisi watu wa pwani tuna undugu na aga. Mwani unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba, kilimo ambacho Profesa Mshigeni tuliyemtaja alikifanyia utafiti tangu miaka ya 1970, hutoa kitu kingine cha jamii hiyo hiyo kiitwacho karajinani, kinachotumika viwandani kugandishia vyakula na dawa za meno.

Aga yenye chakula humiminwa katika sahani ndogo yenye kifuniko, iliyobuniwa na Mjerumani Julius Petri mwaka 1887. Bakteria huchanganywa na maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo maalumu, ambacho maana yake ni bakteria wapatao milioni 150 katika kila mililita. Mtafiti huwapakaza juu ya aga kwa usufi safi, sawasawa, pembe zote. Kisha huchukua vipande vya karatasi vya mviringo, upana wa milimita 6, vilivyolowekwa katika mkamuo, akavipanga juu ya sahani. Sahani hufungiwa katika kabati lenye joto la nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wa binadamu, tangu jioni hadi kesho yake.

Asubuhi hufunuliwa. Mahali pote bakteria walipoota pamekuwa na utando wa rangi ya maziwa. Lakini pembeni mwa karatasi yenye dawa iliyowazuia pana duara tupu, safi, kana kwamba mtu amefagia. Mtafiti huchukua rula na kulipima duara hilo kwa milimita.

MASHAHIDI WAWILI

Duara peke yake halisemi kitu. Katika kila sahani pawe na mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni karatasi yenye dawa ya hospitali ambayo nguvu yake yajulikana, kama jentamisini. Ikiwa mbele ya dawa hiyo hapakutokea duara la upana unaotarajiwa, basi sahani ina kasoro na kazi yote hutupwa. Shahidi wa pili ni karatasi iliyolowekwa katika kile kimiminika kilichotumika kuyeyushia mkamuo, bila mkamuo wenyewe. Ikiwa karatasi hiyo nayo imefanya duara, basi aliyeua bakteria ni kimiminika, na jani limesifiwa bure.

Tena mtafiti hafanyi mara moja. Hurudia mara tatu au zaidi, kwa bakteria wa aina mbalimbali: wale wa majipu na vidonda wanaoitwa stafilokokasi, wale wa tumbo waitwao esherikia koli, salmonela waletao homa ya matumbo, na wengineo. Sasa jani letu la mpera lilijibu nini? Maabara za nchi nyingi zimelipima, na kwa jumla majibu yanafanana: mkamuo wake huwazuia stafilokokasi vizuri kiasi, lakini huwasumbua esherikia koli kidogo tu, na katika majaribio mengine hauwasumbui kabisa.

Sababu yake imo katika maumbile ya bakteria wenyewe. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, aligundua rangi inayowagawa bakteria katika makundi mawili. Kundi moja, ambalo stafilokokasi wamo, lina ukuta mnene lakini unaopenyeka. Kundi la pili, ambalo esherikia koli na salmonela wamo, lina utando wa ziada kwa nje, kama nyumba iliyozungushiwa ua mwingine, nao huzuia dawa nyingi zisiingie. Mikamuo mingi ya mimea hufaulu kwa kundi la kwanza na kukwama kwa la pili. Nawe, ndugu msomaji, umeshaona shida: bakteria wengi waletao kuhara wamo katika kundi la pili.

DUARA SI HUKUMU

Upana wa duara waweza kudanganya. Kiini chepesi husambaa mbali katika aga na kufanya duara kubwa hata kama nguvu yake ni ya wastani. Kiini kizito hubaki pale pale kilipowekwa na kuonekana dhaifu. Ndiyo maana watafiti makini huenda hatua ya pili: kutafuta kiwango cha chini kabisa kinachowazuia bakteria wasiote.

Huchukua kibao cha plastiki chenye vishimo 96. Katika kishimo cha kwanza hutia mkamuo mzito, katika cha pili nusu yake, katika cha tatu nusu ya nusu, na kuendelea hivyo. Kila kishimo hutiwa bakteria kwa idadi ile ile. Kesho yake hutonesha rangi maalumu ambayo mahali palipo na bakteria hai hubadilika kuwa nyekundu. Njia hii ya vibao vidogo kwa mikamuo ya mimea ilielezwa mwaka 1998 na Profesa Jacobus Eloff wa Afrika Kusini, nayo ni rahisi hata kwa maabara isiyo na fedha nyingi. Kishimo cha mwisho kisichogeuka rangi ndicho jibu.

Sasa tufanye hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Tuseme mkamuo wa jani fulani huzuia bakteria kwa miligramu 1 katika kila mililita. Watafiti wengi wangeandika kwamba jani hilo "lina uwezo". Lakini mtu mzima ana damu ipatayo lita 5. Kuifikisha damu hiyo peke yake katika kiwango hicho kwahitaji gramu 5 za mkamuo mkavu. Ikiwa gramu 10 za majani makavu hutoa gramu 1 ya mkamuo, basi yatakiwa majani makavu gramu 50. Lakini dawa haikai katika damu tu. Huenea mwilini, na maji ya mwili mzima hukaribia lita 40. Basi sasa yatakiwa majani makavu gramu 400, karibu nusu kilo, kwa mara moja. Na hapo tumejifanya kwamba tumbo limeyapokea yote, ini halikuharibu chochote, na figo hazikutoa tone. Linganisha na jentamisini, ambayo kwa stafilokokasi wasio sugu huhitaji chini ya sehemu moja ya elfu ya kiwango hicho.

Msomaji hodari atasema: lakini ugonjwa wa kuhara umo tumboni, wala dawa haina haja ya kupita katika damu. Hoja nzuri. Basi tuhesabu tena. Tuseme majani makavu gramu 5 yamechemshwa yakatoa nusu gramu ya mkamuo katika kikombe cha mililita 250. Hizo ni miligramu 2 kwa kila mililita. Kikombe chenyewe kina nguvu. Bakteria aliyezama kikombeni atapata tabu. Lakini katika utumbo wa mtu mzima hupita kiasi cha lita 8 za maji na majimaji kila siku. Nusu gramu ile ikienea humo, inabaki karibu sehemu moja ya kumi na sita ya kiwango kinachotakiwa. Kwa hiyo kilichofaulu kikombeni kimeshindwa safarini.

MAJIBU YANAYOPINDUA

Je, basi bibi alikosea? La hasha. Kuna upande wa pili wa shilingi.

Ule ukakasi wa maji ya mpera unatokana na tanini, viini vinavyokaza nyama laini za kinywa na za utumbo. Mwaka 2002 watafiti wa Meksiko, nchi ambayo majani ya mpera hutumika vile vile, walichapisha matokeo ya majaribio kwa wagonjwa wa kuhara: waliopewa dawa iliyotengenezwa kwa majani hayo kwa vipimo maalumu walipungukiwa muda wa maumivu ya tumbo. Haikuwa kazi ya kuua bakteria. Ilikuwa ya kutuliza misokoto ya utumbo. Bibi aliona mtoto ametulia, akasema dawa imefanya kazi. Aliona kweli. Ila sababu haikuwa ile tunayoidhania sisi.

Na upo ushahidi wa zamani kwamba sahani yaweza kuikataa dawa ya kweli. Katika miaka ya 1930 Mjerumani Gerhard Domagk alijaribu rangi moja nyekundu iliyoitwa Prontosil. Juu ya bakteria wa maabara haikufanya lolote; ndani ya panya iliwaponya. Mwaka 1935 Wafaransa wa Taasisi ya Pasteur wakaeleza siri: mwili wenyewe huikata rangi ile na kutoa kiini kinachozuia bakteria. Binti mdogo wa Domagk alipojichoma sindano mkononi na sumu ikaenea, hata ikasemekana mkono ukatwe, baba yake alimpa dawa hiyo, naye akapona na mkono wake. Kama Domagk angeiamini sahani peke yake, dawa ile ingetupwa.

Kwa hiyo sahani ya aga ni mlango wa kwanza tu. Baada yake mkamuo hupimwa kama una sumu. Huko Muhimbili watafiti wametumia sana njia ya vijikamba vidogo vya maji ya chumvi: huanguliwa, hutiwa katika mkamuo wa viwango mbalimbali, na baada ya saa 24 huhesabiwa walio hai na waliokufa. Njia hii ilielezwa mwaka 1982, nayo ni nafuu. Jani linaloua bakteria na kuua vijikamba kwa kiwango kile kile halichagui adui. Ni sumu tu. Baada ya hapo ndipo hufuata panya, kisha binadamu waliokubali kwa hiari. Mikamuo mingi sana hupita mlango wa kwanza; michache huuona mlango wa mwisho. Viuavijasumu vikubwa vya hospitalini, kama penisilini na streptomisini, vilitoka kwa ukungu na kwa bakteria wa udongoni, si kwa majani.

KIKOMBE NA USUGU

Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi porini. Iliripotiwa kwamba baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za hospitali. Tusiwacheke waliokwenda, mgonjwa hutafuta. Lakini tukumbuke kwamba maswali tuliyoyaeleza hapa ndiyo yaliyopaswa kutangulia safari: ni mti gani, umekamuliwa vipi, umepimwa kwa ugonjwa upi, na kwa kiwango gani?

Upo pia msiba unaokua kimyakimya katika makabati yetu. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba anayetumia dawa kwa kiasi pungufu huwafunza bakteria kuihimili. Onyo lake limetimia. Kwa makisio yaliyochapishwa mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria sugu moja kwa moja. Vidonge viwili vitatu vilivyonunuliwa usiku bila cheti ni somo la bure tunalowapa maadui zetu. Ndiyo maana watafiti wanarejea kwa mimea kwa matumaini mapya: huenda jani lisiloua bakteria peke yake likamdhoofisha, na dawa ya zamani ikapata tena makali. Ni kazi ya subira, haijawa dawa dukani.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Turudi sasa kwa yule mzazi wa saa nane za usiku.

Mtoto anayehara hufa zaidi kwa kupoteza maji na chumvi kuliko kwa vijidudu wenyewe. Mara nyingi, kwa watoto wadogo, mletaji ni virusi vya rota, ambavyo si bakteria. Hakuna antibiotiki wala mkamuo wa sahani ya aga utakaoviua. Kinga yake ni chanjo, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2013. Kwa hiyo cha kwanza ni maji ya O.R.S., pakiti moja katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kidogo kidogo kwa kijiko. Anyonyeshwe kama kawaida. Apewe vidonge vya zinki kama atakavyoelekeza mganga wa kituoni, navyo huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Ukiona damu katika choo, macho yamezama, mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, usichemshe jani lolote. Mbebe uende. Hali kadhalika mtoto wa chini ya miezi miwili. Huyo hangojewi kukuche.

Usimwage maji ya majani yoyote machoni, wala juu ya kitovu cha mtoto mchanga. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Na ukifika hospitali, mweleze daktari kila ulichokunywa, bila haya. Mkamuo waweza kugombana na dawa atakayokupa. Ukipewa antibiotiki, zitumie kama ulivyoelekezwa, wala usimgawie jirani zilizobaki.

Kwa anayependa kumwona mganga wa jadi, sheria ipo tangu mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala huwasajili waganga na dawa zao. Omba kuona cheti. Mganga wa kweli hatakasirika; naye pia hapendi kuchanganywa na matapeli. Na anayetangaza kwamba chupa moja hutibu maradhi arobaini, mwulize limepimwa lipi kati ya hayo arobaini.

Na mpera? Uache usimame uani. Una kivuli, una matunda, na jani lake lina kazi yake, ndogo kuliko tulivyoidhani lakini ya kweli. Bibi alifanya jaribio lake kwa macho na moyo wa huruma, na kwa zama zake hakuwa na chombo kingine. Sisi tumepewa sahani, mizani na rula. Tukimpenda bibi, tutavitumia.